Zamu ya Kushinda

Watu wakishajua kwamba niliwahi kushindana mbio za baiskeli huniuliza swali moja tu: ulikuwa unapata ngapi? Hawaulizi nilikuwa naumwa wapi, wala niliangukaje pale Tunguu hata nikachunika paja zima. Ngapi, basi. Hata wageni wanaokuja kukodi baiskeli hapa uchochoroni kwangu, Mji Mkongwe, huuliza hivyo hivyo, na mie huwajibu kwamba nilikuwa napata njaa. Wakicheka, nacheka nao. Wasipocheka, nawapandishia bei.

Lakini wewe unayesoma nitakwambia kweli, maana jambo lenyewe limenikaa kooni.

Mashindano ya hapa kwetu Unguja yalikuwa matano kwa mwaka, na mdhamini wake alikuwa tajiri mmoja mwenye maduka ya rangi za nyumba. Mnaondoka Mnazi Mmoja asubuhi mapema, mnakwenda hadi Kizimkazi, mnageuza, mnarudi. Wa kwanza anapewa bahasha. Wa pili anapewa katoni ya juisi. Wa tatu anapewa fulana yenye picha ya kopo la rangi, na waliobaki wanapewa pole. Bahasha ilikuwa nene, siwezi kusema uongo. Mtu wa hali yetu angeweza kuezeka kwa mabati nyumba ya vyumba viwili. Ila ilikuwa moja. Na mipira, minyororo, breki, kila kitu cha baiskeli ya mbio kinatoka ng'ambo ya bahari na bei yake inakuja nacho. Asiyeshinda alikuwa anakimbia kwa hasara, na kila mara sote tulikuwa hatushindi isipokuwa mmoja.

Wenye miguu ya kweli kisiwani tulikuwa watano. Nahodha wetu alikuwa mtu wa Makunduchi, mchoma chokaa, mkubwa wetu kwa umri, ana mke na watoto watatu. Mwengine alikuwa bwana mmoja wa Mangapwani, mpole kupita kiasi, kazi yake kusambaza mikate kwa baiskeli. Wawili walikuwa ndugu wa Mbweni, maseremala, wazee wao walitoka bara. Wakristo, na kila Ramadhani walikuwa wakitutania kwamba wao ndio watakaotunywea maji yetu. Wa tano mie, fundi baiskeli, mtoto wa mjini, mdomo mrefu na subira fupi.

Asiyeijua baiskeli aelewe jambo moja. Kwetu hakuna milima. Kazi ni upepo. Aliye mbele anaukata, aliyejibanza mgongoni mwake anapumzika. Kwa hiyo kila mtu anataka kuwa nyuma mpaka hatua za mwisho, kisha atoke na nguvu zake zote. Mwaka wetu wa mwanzo tuliviziana njia nzima namna hiyo, hakuna anayekubali kukaa mbele, mpaka ikawa watoto wa skuli wanatupita kwa baiskeli zenye makapu. Pale Kitogani siku moja tulishuka tukatwangana makonde. Wallahi, kwa sababu ya upepo.

Aliyetuokoa ni Nahodha, tena kwa wazo aliloliokota jikoni kwa mama yangu. Mama alikuwa kijumbe. Kijumbe ndiye mshika upatu: wanawake kumi wa mtaa wanatoa kila mwezi kiasi kile kile, yeye anakusanya, na kila mwezi mmoja wao anapokea zote kwa zamu yake. Mwezi huu huyu ananunua cherehani, mwezi ujao yule analipa ada za watoto. Mama alishika upatu zaidi ya miaka thelathini na haikupotea zamu ya mtu hata mara moja. Nahodha alimkuta siku moja akigawa, akakaa akatazama, kisha akaniambia, "Yakhe, na sie tucheze mchezo huo. Tucheze na bahasha."

Nikamwuliza kwa nini tusigawane tu kila mara, mafungu matano. Mama akadakia kabla Nahodha hajafungua mdomo.

"Pesa ukiigawa mafungu matano ni chai na mandazi," alisema. "Ukiipokea nzima ni bati."

Basi tukakata kura palepale jikoni. Vikaratasi vitano ndani ya bakuli, mama akafunika kwa kawa, akatikisa. Ndugu wa Mbweni walipata ya kwanza na ya pili, wa Mangapwani ya tatu, Nahodha ya nne, na mie ya mwisho. Nilinuna siku nzima. Kuanzia hapo mwenye zamu alikuwa anakaa nyuma yetu njia nzima, sisi wanne tunamkatia upepo kwa kupokezana, na tukikaribia mjini anatoka anashinda. Katika bahasha anatoa kwanza gharama za mipira ya wote, kisha zilizobaki zake.

Najua wapo watakaosema huo ulikuwa wizi mchana kweupe. Semeni. Tajiri hakuulizwa, ni kweli, lakini tajiri alichotaka ni fulana zake zionekane barabarani na yeye apigwe picha. Na aliyeweza kutushinda alikuwa huru kutushinda. Walikuja mara moja vijana kutoka Pemba, wana miguu haswa, tukawashinda kwa sababu wao walikuwa sita na kila mtu na lake, sisi tulikuwa watano na letu lilikuwa moja. Kwangu mie mwizi ni anayekula zamu ya mwenziwe. Na huyo nitakuonesheni.

Mashindano matatu yalikwenda vizuri. Ndugu wa Mbweni walinunua mashine ya kupasulia mbao. Bwana wa Mangapwani alimaliza kulipa mahari akaoa, tukala pilau yake mpaka tukashindwa kupanda baiskeli. Mashindano ya nne yaliangukia mwishoni mwa kaskazi, masika yako mlangoni, na zamu ilikuwa ya Nahodha.

Siku moja kabla, mzungu mmoja mwembamba, miguu yake imekauka kama kuni, alikuja nilipokuwa nikifanyia kazi, barazani kwa watu, nimtengenezee breki. Nilipomaliza aliijaribu, akairudia kuitazama, akaniuliza kama na mie nakimbia kesho. Nikamwambia nakimbia. Ndipo akanieleza shughuli yake. Alikuwa mtu wa timu ya kulipwa, timu ndogo, na alikuwa anazunguka Afrika Mashariki akitafuta mwendesha baiskeli mmoja. Mmoja tu. Mshahara kila mwezi, pa kulala, chakula, na baiskeli juu yao. Kesho atapanda pikapu itakayotufuata nyuma, atutazame.

Nikamwuliza mshahara kiasi gani. Akanitajia. Nikaiangalia ile spana mkononi mwangu, nikaona haya kuishika.

Hakusema hata neno moja kwamba anamtafuta mshindi. Hilo nililiongeza mwenyewe. Kichwa changu kilikwisha kuamua kwamba mtu anayesafiri kote huko hawezi kuja kumtazama wa pili, na sikuuliza, maana mtu anapolitaka kosa lake halitafutii ushahidi.

Usiku huo, kama ada yetu, wote watano tulikula kwa mama. Nahodha alikuwa na furaha ya waziwazi, anaongea kuliko siku zote. Kuta za nyumba yake mpya zilikuwa zimekwisha, boriti zimeshapanda, na mabati alikuwa ameyachagua dukani Darajani, ameyapima, ameyagonga kwa vidole. Mama akamwuliza wanalala wapi kwa sasa.

"Mulemule ndani ya kuta, Bi mkubwa, tumefunika turubali," akasema. "Ile ya makuti nshaibomoa. Mawe yake ndiyo niliyomalizia ukuta wa nyuma."

"Umebomoa kabla hujapokea?" mama akashangaa.

"Kwani zamu yangu si kesho?" akajibu, akacheka, akachota wali.

Mie nilikuwa nimekaa upande wa pili wa sinia, namtazama. Ningeweza kusema. Ningesema tu, jamani, kesho kuna mgeni, tufanyeje? Wangepanga wenyewe, labda hata wangenipa. Sikusema kwa sababu niliogopa wangepanga vingine. Niling'ata mwiba wa samaki mpaka ukavunjika.

Asubuhi tukaondoka. Njia ya kwenda ilikuwa nyepesi, upepo unatusukuma, na ndugu wa Mbweni walikaa mbele mpaka Kizimkazi. Tulipogeuza, kaskazi ikatupiga usoni. Kitogani ndugu wakawa wamekwisha, wakatuaga kwa mkono wakabaki nyuma. Bwana wa Mangapwani akashika mbele. Alitukatia upepo kupita msitu wa Jozani, kupita Tunguu, kichwa chini, hakuomba apokewe hata mara moja, jasho lake linatuangukia sisi kama mvua ya manyunyu. Nyuma yake mie. Nyuma yangu Nahodha, mwenye zamu, amehifadhiwa kama yai. Na nyuma ya wote ile pikapu.

Kiembesamaki ikawa zamu yangu kukaa mbele. Mpango ulikuwa niwavute mpaka Kilimani, kisha nijisogeze pembeni, Nahodha atoke amalizie. Bwana wa Mangapwani akanipisha, akarudi wa tatu, anahema mdomo wazi. Nikashika mbele. Nikahesabu nguzo tatu za umeme. Kisha nikakanyaga kwa nguvu nilizokuwa nimeziweka tangu Kizimkazi.

Nahodha alidhani nimejisahau. Nilimsikia akiita kwa sauti ya utani kabisa, "Yakhe, polepole bwana, wengine wazee!" Sikugeuka. Akaita tena, safari hii kwa wasiwasi kidogo. Ya tatu hakuita.

Nilifika Mnazi Mmoja peke yangu. Nilinyanyua mikono yote miwili, nikapiga kelele, watu wakanipigia makofi, na tajiri akaja na bahasha na mpiga picha wake. Nilikuwa namtafuta mzungu kwa macho. Nyuma yangu nikawaona wanaingia: bwana wa Mangapwani mbele, uso umemgeuka rangi, na Nahodha mgongoni mwake. Baadaye nilisikia yaliyotokea. Nilipochomoka, bwana wa Mangapwani alikuwa na uwezo wa kunifuata akachukua angalau nafasi ya pili. Akageuka nyuma, akamwona Nahodha anazidiwa na upepo, akapunguza, akampa mgongo. Alimvuta hivyo, na yeye mwenyewe roho i juu, mpaka mstarini, akajisogeza pembeni ili Nahodha apate ile katoni ya juisi.

Mzungu akashuka kwenye pikapu. Alinipita kama nguzo, akaenda moja kwa moja kwa bwana wa Mangapwani aliyekuwa amelala chini kwenye majani, akachuchumaa, akamfungulia chupa ya maji.

Mchana wake nilimfuata. Sina haya mie, nilimwambia wazi, "Nimeshinda mimi." Akanijibu bila ubaya wowote. Alisema washindi anao. Washindi ni ghali, kila timu inawataka na hawakai. Anachokitafuta na hakipati ni mtu anayegeuka nyuma. Akanifahamisha jinsi kazi yao inavyokwenda. Timu nzima inafanya kazi kwa ajili ya mtu mmoja. Wengine wanakata upepo, wanabeba maji, wanampa gurudumu lao lake likipasuka. Akishinda, ile zawadi ya fedha yeye haigusi. Wanagawana wenziwe waliomvuta, na mafundi, na hata yule anayewakanda miguu. Mshindi anakula mshahara wake na jina lake. Mchezo wote unasimama juu ya hilo, alisema, maana bila hivyo hakuna anayekubali kukaa mbele.

"Hata sisi hapa tuna utaratibu kama huo," nikasema. Nilisema kwa kujigamba, mjinga mie. Nikamweleza upatu wetu, zamu, kura, kawa la mama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na jana ile ilikuwa zamu yako?" Akajirekebisha kwamba si jana, ni leo asubuhi, alikuwa amechoka. Akanishukuru kwa breki, akaondoka.

Nilirudi nyumbani na biriani niliyonunua, kwa ajili ya kumfurahisha mama. Habari zilikwisha kumfikia. Mtaani kwetu habari zinafika kabla ya mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi. Nikamwamkia. Aliitika kwa sauti ndogo. Nikaifungua biriani mbele yake, moshi wa zafarani ukapanda.

"Umekula zamu ya mtu?" akaniuliza.

"Mama, kulikuwa na mgeni..."

"Skuulizi mgeni. Umekula zamu ya mtu, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

Akaendelea kukuna nazi. "Usiache mbachao kwa msala upitao," akasema taratibu, kama anayejisemea. "Mie nlishika pesa za watu, nyie mko watano ndani na baba yenu kafa, kuna siku hamkula. Nlikuwa nazo chini ya godoro. Skuzigusa." Biriani ile hakuitia mkono. Ililala mpaka ikachacha, nikaitupa mwenyewe.

Siku ya tatu masika yakafungua. Mvua ya kwetu ikianza haibishi hodi. Nilikaa dirishani nikisikiliza bati la jirani linavyopigwa, na kila tone lilikuwa linanipiga mie. Sikungoja ikatike. Nikaitia bahasha kwenye mfuko wa nailoni, nikaifunga kiunoni, nikapanda baiskeli kwenda Makunduchi.

Niliwakuta ndani ya zile kuta. Turubali lilikuwa limeelemewa na maji, limejaa tumbo katikati, na Nahodha alikuwa anasukuma juu kwa mpini wa jembe ili maji yamwagikie nje. Watoto wamepangwa kwenye pembe moja iliyo kavu, juu ya magunia. Mkewe, ambaye ni mkulima wa mwani na ana ulimi wa chumvi, alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"Karibu mshindi," akasema. "Tusamehe, kiti kimeloa."

"Mwache," Nahodha akamwambia. "Mpe chai mtu, katoka mbali."

Nikatoa bahasha. Sikuwa nimechomoa hata noti moja, biriani nilinunua kwa pesa zangu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kutoka mjini mpaka Kitogani nilikuwa nayo yote, na pale nilisema tu, "Zamu yako hii." Akaipokea. Hakuifungua, akampa mkewe. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha akaniuliza kama njia ya Jozani ina maji.

Nilitaka anitukane. Nilitaka anishike ukosi anitoe nje kwenye matope, nami ningerudi mjini nimelipa. Badala yake nilipewa chai ya tangawizi yenye sukari tele, na mtoto wake mdogo akaja akakaa mapajani mwangu kwa sababu nguo zangu, ingawa zimeloa, zilikuwa na joto. Mkewe tu ndiye aliyenisemesha nilipoinuka kuaga. "Pesa zimefika," alisema, "lakini mchanga nliopandia miti ya dawa za watoto umekwenda na maji. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, shemegi. Nenda salama." Nilimshukuru kwa maneno yale kuliko kwa chai.

Bwana wa Mangapwani aliondoka mwezi uliofuata na timu ya yule mzungu. Mpaka leo hunitumia sauti kwa simu, kutoka nchi ambazo majina yake siwezi kuyatamka. Hajawahi kushinda hata mara moja. Kazi yake, anasema, ni kurudi nyuma kwenye gari, kujaza chupa za maji ndani ya jezi mpaka anakuwa na matiti kama mama wa pacha, kisha kuwafukuzia wenziwe awagawie. Mshahara unaingia kila mwezi. Mwaka juzi kiongozi wao alishinda mahali, zawadi ikagawiwa kwa wote, naye akamnunulia mama yake jokofu. Huniambia haya kwa furaha tupu, bila kijembe. Mimi ndiye ninayekaa na simu sikioni nikitafuta kijembe kisichokuwamo.

Mashindano ya tano yalikuja baada ya masika. Nilikuwa nimeamua kutokwenda. Mama akaniamsha mwenyewe alfajiri, akaniwekea uji, akasema hakulea mtu wa kujificha. Nikaenda nikasimama nyuma kabisa, mbali nao. Nilijua hakuna atakayenipa mgongo wake tena. Nikamwona Nahodha anakuja kwangu, anavuta baiskeli yake.

"Mbona huku? Njoo mbele. Leo zamu yako."

Mkubwa wa wale ndugu wa Mbweni alisikia, akatema mate chini. "Huyu? Huyu keshakula."

"Hajala," Nahodha akasema. "Nimepokea mie. Nyinyi wawili mmepokea, mwenzetu wa Mangapwani kapokea. Yeye bado. Mchezo haujesha."

"Mie simvuti."

"Usimvute. Ntamvuta mie."

Na alinivuta. Kusi ilikuwa imeshika, kwa hiyo adhabu ilikuwa ya kwenda. Kutoka Kiembesamaki mpaka Kizimkazi yule mtu alikaa mbele yangu, mtu wa makamo, mapafu yake yamekula vumbi la chokaa miaka na miaka. Nilikuwa nauona mgongo wake unavyopanda na kushuka. Mara anakohoa, mara anainuka kwenye pedeli, mara anakaa. Nikasogea nimpokee, akanirudisha kwa kiganja, kama unavyomrudisha mtoto asivuke barabara. Ndugu walikuwa nyuma yangu. Tulipogeuza Kizimkazi mkubwa wao akanipita bila kunitazama, akaenda mbele akamwambia Nahodha apumzike, akavuta yeye. Hakufanya kwa ajili yangu, nalijua hilo.

Mie nilikuwa nalia. Naisema waziwazi. Nilikuwa nalia juu ya baiskeli, na uzuri wa baiskeli ni kwamba hakuna anayejua jasho ni lipi na machozi ni yapi.

Kilimani, Nahodha akarudi mbele kwa mara ya mwisho, akakanyaga mpaka baiskeli ikawa inayumba, kisha akajisogeza kushoto. "Haya, nenda," akasema. Nikashika breki. Akanigeukia akanitolea macho. "Nenda!" Nikaenda, nikashinda, tajiri akanipa bahasha, nikapigwa picha na uso nilionao.

Nahodha alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, kichwa katikati ya magoti. Nikamwendea mbele ya watu wote, nikamwekea bahasha mapajani.

"Chukua," nikamwambia. "Chukua, nakuomba. Mie sistahiki."

Alinyanyua kichwa, na ndipo kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona amekasirika.

"Mwanzo ulinichukulia zamu yangu, nkanyamaza," akasema. "Ukanirejeshea, nkapokea. Sasa unataka kunisaidia na yako? Skiliza. Mie si maskini wako. Mie mwenzio."

Akaikamata bahasha, akanitia mwenyewe mfukoni mwa jezi, nyuma, akaigonga mara mbili kwa kiganja ili isianguke. Kisha akanipa mkono nimnyanyue, maana miguu ilikuwa imemkaza, hawezi kuinuka peke yake.